Kijana bila leseni amegonga boda na gari langu, bima wamenikana. Wadau wa Nakuru na Kisumu, nishaurini

Mzee_wa_Mayai (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Huwa nasoma tu za wenzangu humu na kucheka. Leo ni zamu yangu.

Nina Probox ya kusambazia mayai, natoa Bahati napeleka maduka ya mjini. Jumamosi moja jioni, wiki tano sasa, niliiacha kwa waosha magari pale Free Area nikaenda zangu. Kumbe kijana mmoja wa pale ameichukua, ameshika barabara kuu kuelekea Pipeline, na alipotaka kuingia barabara ya ndani akakata kulia mbele ya boda iliyokuwa inakuja. Mwenye boda amevunjika mguu chini ya goti mara mbili, ametiwa chuma. Abiria wake alitoka na michubuko tu, tunashukuru Mungu.

Kijana hana leseni. Si kwamba imeisha muda, hajawahi kuwa nayo maishani.

Sitika yangu ya bima ni hai, thadi pati (ile ya kumlipa unayemgonga), nililipia mwaka mzima na si hizi za mwezi mmoja mmoja. Nikapeleka abstrakti ya polisi kwa bima, wakanichukua maelezo, na juzi wameniletea barua ya ukurasa mmoja: dereva hakuwa mtu anayetambuliwa na mkataba, kwa hivyo wao hawamo. Jana ikaja ya wakili wa mwenye boda, kwamba nikubali kosa ndani ya siku 14 au tukutane kortini.

Je, bima wanaweza kujitoa kirahisi hivyo? Na kuna jirani amenishauri niseme ni mimi nilikuwa kwenye usukani, maana leseni yangu haina shida. Mnaonaje?

Kamau_Section58

Pole sana mzee. Swali dogo: funguo alipewa na nani?

Dereva_wa_Salgaa

Mimi nimeendesha malori miaka 20. Hiyo ya kusema ulikuwa wewe hufanywa sana, usidanganywe. Unaongea na mwenye boda, mnaelewana, maisha yanasonga. Bima wanachotaka ni jina lenye leseni.

Koplo_Mstaafu (Kakamega)

Mzee wa Mayai, usimsikize huyo wa Salgaa. Ajali inapotokea kuna namba ya OB, kile kitabu cha matukio kituoni, na jina la dereva liliandikwa siku ile ile. Kuna mchoro wa eneo. Kuna abiria wa boda aliyemwona dereva uso kwa uso. Kuna waosha magari sita, na kila mmoja ana mdomo. Ukienda sasa kusema ni wewe, umeongeza kosa la kudanganya polisi juu ya kesi ya ajali, na hiyo sasa itakuwa na jina lako peke yako.

Halafu bima wana wapelelezi wao. Si polisi, ni mtu wa kawaida kabisa, anakuja na pikipiki, ananunua chai kwenye kibanda cha jirani, anauliza polepole. Wengi wao tulikuwa nao kazini. Wewe utamwona mara moja tu, majirani zako watamwona mara tatu.

Hata wakati wa ajali yenyewe watu hukosea hapo. Sheria inataka uripoti ndani ya saa 24. Wengi hutumia saa hizo kutafuta mtu mwenye leseni wa kubandikwa.

Dereva_wa_Salgaa

Sawa afande. Nilikuwa nachangia tu.

Karani_wa_Faili (Kisumu)

Mimi si wakili. Nimebeba faili za mawakili hapa Kisumu miaka 14, na nusu ya hizo faili ni ajali. Nitaandika kwa mapana, asiye na subira aruke.

Mzee, hapo umeweka kesi tatu kwenye sufuria moja. Zipakue.

Ya kwanza ni ya kijana na serikali. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 30, inakataza mtu kuendesha bila leseni ya aina ya gari hilo. Kinachosahaulika ni kwamba kifungu hicho hicho kinamkataza mwenye gari kumruhusu asiye na leseni. Kwa hiyo hata wewe unaweza kusimamishwa kizimbani. Na msije mkamwambia kijana akubali makosa yote haraka haraka ili alipe faini aende nyumbani. Sheria ya Ushahidi ina kifungu 47A: akishatiwa hatiani na hukumu ikawa ya mwisho, kwenye kesi ya fidia huwezi tena kusimama useme hakuwa na kosa. Kinachobaki ni kubishana kama mwenye boda naye alichangia, na kwa kiasi gani. Nimeona watu wakifurahia faini ndogo ya asubuhi, na faini hiyo ikawagharimu shamba baadaye.

Ya pili ni yako na mwenye boda. Hapa leseni si mfalme kama watu wanavyodhani. Korti inauliza ajali ilitokeaje: nani alikata njia ya nani, kwa mwendo gani, taa ziliwaka au la. Kukosa leseni peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwenye makosa ya ajali. Ila wewe umesema mwenyewe kwamba gari lilikata kulia mbele ya boda, kwa hivyo hapo sina la kukutia moyo. Swali linabaki moja: kwa nini kosa la kijana likulipishe wewe? Jibu ni kwamba utalipishwa kama alikuwa anaendesha kwa kazi yako, au umemtuma, au umempa gari kwa shughuli yako. Akilichukua bila wewe kujua, akaenda kutembeza wasichana, una utetezi mzuri. Lakini logibuku, hati ya usajili wa gari, ina jina lako, na kwa sheria mwenye jina ndiye mwenye gari hadi ionyeshwe vinginevyo, kwa hiyo utashtakiwa tu, na utetezi huo itabidi uuthibitishe.

Ya tatu ni yako na bima, na hapa ndipo barua yao inakutisha kuliko inavyostahili. Sheria ni Sura ya 405, ile ya bima ya magari kwa wanaoumizwa. Kifungu cha 10 kinasema aliyeumia akishapata hukumu dhidi ya mwenye bima, kampuni imlipe, hata kama ina haki ya kuuvunja mkataba baina yake na mwenye bima. Wakishalipa, sheria inawaruhusu wakugeukie wewe wakudai. Yaani sheria imemweka aliyeumia mbele, ugomvi wenu nyinyi wawili mtaumaliza nyuma ya pazia. Kuna mipaka lakini. Bima ya lazima haivuki shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja, kinachozidi ni chako. Kampuni lazima ijulishwe kuhusu kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 tangu ifunguliwe. Na deni lenyewe liwe la aina inayobebwa na mkataba.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo kampuni hushika kwa mikono miwili. Kifungu cha 16 kimeorodhesha vitu ambavyo bima hawaruhusiwi kumtupia aliyeumia kama kisingizio: umri wa dereva au hali ya afya yake, ubovu wa gari, idadi ya watu, uzito wa mzigo, saa na mahali gari lilipotumika, na kadhalika. Leseni haikutajwa humo. Basi wakili wa kampuni atasema haikutajwa kwa sababu inaruhusiwa, wakili wa aliyeumia atasema kifungu cha 10 kinatosha, na mabishano hayo hufanyika kwenye kesi ya pili kabisa, ile ya kuomba korti itamke kwamba kampuni ilipe. Inachukua muda. Na muda wote huo hukumu ya kwanza ina jina lako. Dalali wa korti hana haja ya kutafuta ofisi ya bima, anajua kuku wako walipo.

Kwa hiyo barua ile si mwisho wa maneno, ila usiitupe. Pata wakili ajibu. Na usijibu ya mwenye boda kwa mkono wako mwenyewe.

Kamau_Section58

Karani umefungua duka leo. Lakini swali langu halijajibiwa. Funguo alipewa na nani?

Ajenti_wa_Bima_Njoro

Kabla hamjatuchoma sisi wa bima, ongezeni hili. Mikataba mingi ya hapa nchini haisemi tu "mwenye leseni". Inasema anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima, aliye na leseni au aliyewahi kuwa nayo na hajazuiwa kuwa nayo. Ndiyo maana mtu ambaye leseni yake iliisha mwezi jana akasahau kulipia haanguki kapu moja na huyu wa Mzee wa Mayai. Wa kwanza aliwahi kupita mtihani. Wa pili hajawahi kushikwa mkono na mwalimu.

Na aina ya leseni ina uzito. Nimekuwa na mteja Molo, dereva wake alikuwa na kadi ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani inayotoa leseni, inang'aa, lakini ni ya pikipiki. Akapewa pikapu. Ukisoma kadi nyuma utaona herufi: A ni pikipiki na jamaa zake, B ni magari madogo, C ni malori, D ni ya kubeba abiria. Watu huangalia picha tu kama ni yake, wanarudisha.

Mzee, swali langu ni jingine: gari lako limekatiwa bima ya matumizi binafsi au ya biashara? Maana Probox iliyojaa trei za mayai huku cheti kinasema ni ya kwenda kanisani, hiyo ni barua ya pili inayokuja.

Mzee_wa_Mayai

Ya biashara, mzigo wangu mwenyewe. Hapo niko salama.

Ajenti_wa_Bima_Njoro

Afadhali. Kule Magharibi kuna Probox zinabeba watu kumi kama dagaa kwa nauli, cheti kinasema matumizi binafsi. Zikianguka, hata abiria hajui aanzie wapi.

Nyar_Ahero

Nimesoma yote kimya kimya, sasa nimechoka na huruma ya wenye magari. Mnaongea habari ya dereva, bima na mwenye gari. Mwenye mguu je?

Ndugu yangu aligongwa na tuktuk Nyamasaria. Dereva ni mtoto, leseni hana, alikimbia akaacha kiatu. Tulikaa naye Russia (wasio wa Kisumu, hiyo ni hospitali kuu ya Jaramogi) miezi miwili. Yeye alikuwa mpiga rangi, kazi ya kupanda ngazi. Hadi leo hapandi.

Mwenye tuktuk tulipompata kwa kutafuta rekodi NTSA, akasema aliiuza kitambo. Aliyeuziwa akasema bado hajamaliza kulipa, kwa hiyo si yake. Tuktuk ikawa yatima. Sheria inasema gari likibadilisha mikono lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 bila jina kubadilishwa, lakini nani anafuata? Wakili wetu wa kwanza alishtaki wote wawili, hapo alifanya vizuri. Alichosahau ni hizo siku 30 Karani anazosema. Taarifa kwa bima ilipelekwa mwezi wa tatu tangu kesi ifunguliwe. Tukashinda kesi dhidi ya mwenye tuktuk, kampuni ikatoka kwa mlango huo mdogo. Tuktuk ikapigwa mnada kwa bei ya chuma. Hukumu tunayo, imeandikwa vizuri, ina muhuri. Iko kwenye bahasha chini ya godoro la mama.

Kwa hiyo Mzee wa Mayai, ukimwandikia yule mwenye boda, umwambie jina la kampuni yako ya bima na namba ya cheti. Akikuuliza ni lazima umwambie kwa sheria, lakini usingoje akuulize.

Karani_wa_Faili

Mama, pole kwa ndugu yako. Na umesema kweli kuhusu taarifa. Kila mwaka naona faili inakufa kwa barua hiyo moja. Siku hizi tunaipeleka hata kabla ya kushtaki, na nakala inapigwa muhuri wa kupokelewa.

Boda_ya_Kondele

Mimi naendesha boda. Mnisaidie hapa. Kama yule mwenzangu wa Pipeline naye hana leseni, ama bima ya pikipiki imeisha, si anapoteza kila kitu? Niulize tu kwa niaba ya rafiki.

Koplo_Mstaafu

"Rafiki" 😂

Karani_wa_Faili

Hapotezi kila kitu. Kama nilivyosema, korti inapima ajali ilivyotokea. Wote wawili wanaweza kukosa leseni, na mmoja bado akawa ndiye aliyemkatia mwenzake njia. Atashtakiwa upande wake na trafiki kwa leseni na kwa bima, maana bima ya pikipiki ni lazima kama ya basi. Ila kitakachompunguzia fidia ni mambo yaliyochangia: alibeba wangapi, taa haikuwaka, alikuwa anapita kushoto kwa lori. Helmeti itatajwa kama kichwa kimeumia. Kwa mguu haina nguvu.

Mwambie rafiki yako leseni ya boda ya kubeba abiria ni A3, si A2 ya pikipiki ya kawaida.

Boda_ya_Kondele

Nimemwambia. Amenyamaza.

Mzee_wa_Mayai

Wadau, nimesoma mara mbili, na usiku sikulala. Kamau ameuliza mara mbili nikaruka. Nitasema.

Yule kijana ni mtoto wa dada yangu. Ni kweli anafanya kazi pale kwa waosha magari, lakini hakuiba gari. Mimi nilikuwa Pipeline kwa mteja, nina trei 30 za kurudisha, nikampigia: "Umemaliza? Niletee gari hapa." Anajua kuendesha, nimemfundisha mwenyewe shambani Bahati, kati ya mahindi na banda la kuku. Barabarani amewahi kulipeleka mara mbili tatu, asubuhi kabla trafiki hawajaamka.

Polisi nilipofika nilisema sijui alivyolichukua. Niliogopa. Kijana naye akanyamaza kuniheshimu. Kwa bima niliandika hivyo hivyo.

Na kuna jingine. Wiki ya kwanza nilimtumia mke wa mwenye boda 15,000 kwa M-Pesa, za dawa, na nikaandika ujumbe: "Samahani mama kwa makosa ya kijana wetu, tutasimama nanyi hadi mwisho." Jamani, kumtumia mgonjwa pesa ni kosa?

Kamau_Section58

Ndiyo maana niliuliza mzee. Waosha magari hawana tabia ya kuendesha Probox ya mtu hadi Pipeline Jumamosi jioni bila simu kupigwa.

Dereva_wa_Salgaa

Mzee mimi nakuelewa. Wote tumefundishwa kati ya mahindi.

Ajenti_wa_Bima_Njoro

Hiyo ya samahani, kwa mkataba ni tatizo. Umeahidiwa kulipiwa kwa sharti kwamba hutakubali kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kujua. Kila mtu anasaini, hakuna anayesoma.

Karani_wa_Faili

Ni tatizo baina yako na kampuni. Kifungu cha 8 cha Sura 405 kinasema sharti la kitu kilichofanywa au kilichoachwa baada ya ajali haliwezi kutumika kumnyima aliyeumia. Wanaweza kukudai wewe baadaye, si yeye. Kwa hiyo mwenye boda hajapoteza chochote kwa sababu ulikuwa na utu. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, hizo 15,000 wakili wako ataomba zihesabiwe.

Sasa lililo kubwa. Hadithi ya kwanza uliyotupa humu, kwamba gari lilichukuliwa bila wewe kujua, ndiyo hasa ingekutoa kwenye deni kama ingekuwa kweli. Nadhani unajua, ndiyo ukaisema. Lakini angalia inavyofanya. Inamwacha kijana peke yake, na kijana hana hata baiskeli. Kwa mwenye boda ni kushika moshi. Na kijana akifika kizimbani akaulizwa chini ya kiapo ulimpigia simu saa ngapi, rekodi ya simu ipo. Hapo utakuwa umepoteza utetezi, umepoteza bima, na umepoteza dada.

Nenda na wakili uandikishe maelezo ya nyongeza kituoni. Iandikie kampuni hivyo hivyo. Watafurahi kuwa na sababu ya pili, sikufichi. Lakini kesi ya fidia ya mguu mmoja si mwisho wa dunia. Ikiwa dai halizidi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, na hiyo imewekewa siku 60 kuamua. Mnaweza kukubaliana kabla ya hapo, kwa maandishi, mbele ya mawakili wa pande zote. Msimalizane kwa karatasi ya daftari kituoni.

Nyar_Ahero

Mzee, nilikuja kukugombeza lakini umesema ukweli wako mbele za watu. Nenda ukamwone huyo mwenye boda. Usipeleke pesa siku hiyo. Peleka mayai.

Koplo_Mstaafu

Na jihadhari na madalali wa kesi. Wako hospitalini, wako nje ya kituo, wanajua jina la mgonjwa kabla daktari hajalijua. Huyo mwenye boda huenda hata hajui wakili wake anafanana vipi.

Mzee_wa_Mayai (baada ya wiki mbili)

Nimerudi.

Nimeandikisha maelezo mapya. Afisa alinitazama muda mrefu, akaandika. Nimeshtakiwa kwa kumruhusu asiye na leseni, nimewekewa dhamana, na kijana ameshtakiwa ya kuendesha bila leseni na ya kuendesha bila uangalifu. Wakili amemwambia asikubali ile ya pili kwanza. Bima wamejibu kwamba msimamo wao ni ule ule, lakini wameteua wakili wa kufuatilia kesi "bila kuathiri haki zao". Wakili wangu anasema hayo maneno maana yake wamekaa mlangoni, hawajaingia wala hawajatoka. Taarifa ya mwenye boda kwao imeshapokelewa, nakala nimeiona kwa macho yangu, ina muhuri. Mama wa Ahero, hiyo nilimkumbusha mimi.

Nilienda kumwona. Amekaa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Nilipeleka trei mbili. Akaniuliza jambo moja tu, kama kijana aliumia. Nikasema hapana. Akasema yule ni mdogo sana, alimwona kwenye kioo, alikuwa ameshika usukani kama anayeshika ng'ombe pembe. Tukacheka kidogo, halafu tukanyamaza wote.

Gari bado liko kituoni likingoja ukaguzi. Natumia boda kusambaza mayai, trei tano tano, na kila siku navunja angalau trei moja. Dada yangu ananisalimia kwa ufupi. Kijana ameuliza kama gari likitoka anaweza kuliosha bure. Nimemwambia aje na ndoo, nitalileta mimi mwenyewe hadi pale, na funguo nitakaa nazo mfukoni akiosha.

Kamau_Section58

Mzee, na kama ukikaa mbali, usipige simu.